Siku Kipaza Sauti Changu Kilipowakimbiza Watu wa Mtoni

Kutoka mtaani kwetu Galbet, hapa Garissa, kwenda sokoni kuna njia fupi inayopita kwa wauza matikiti, na kuna njia ndefu inayozunguka nyuma ya maduka ya nguo, na mimi tangu siku ile natumia ile ndefu, jua liwe kali namna gani, kwa sababu wauza matikiti wengi ni watu wa mashamba ya mtoni, na watu wa mashamba ya mtoni wakiniona hucheka, au (hii ndiyo inayoniua) hawacheki. Nawaambia ninyi kwa sababu ninyi ni wangu, na kwa sababu najua mmeshasikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, wengine wanasema niliwasha king'ora kwa bahati mbaya nikijibu simu, wengine wanasema nilikuwa na ugomvi na mkubwa wa kaunti nikataka kumwaibisha. Hapana. Niliyafanya yote kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, nimevaa dirac mpya, lile gauni letu refu jepesi, mama yangu ananiangalia.

Mnajua nilisomea mawasiliano Nairobi, nikarudi nyumbani na cheti, na mtaa mzima ukaanza kuniita Injinia Fardowsa, hata watu ambao nimewasimamishia antena ya televisheni tu. Halafu nikapata kazi kwenye mradi mdogo (jina lake niacheni nilihifadhi, limeshaaibika vya kutosha), mradi wa kuwaonya watu kuhusu mafuriko. Maana mto wetu huu wa Tana una tabia mbaya, unaweza kufurika Garissa bila tone la mvua kuanguka Garissa. Mvua inanyesha huko milimani, mbali kabisa, sisi huku tunakula vumbi, anga nyeupe haina hata wingu la kusingizia, halafu maji yanaingia mashambani kama mtu aliyealikwa. Mafuriko ya mwisho yaliwakuta watu wameketi wanakunywa chai.

Kwa hiyo tukasimamisha mlingoti wa chuma kando ya mashamba, karibu na uwanja wa shule, na juu yake tukaweka kipokezi changu, betri, sola, na kipaza sauti kikubwa kama vya msikitini. Mtu wa ofisini anachagua namba ya ujumbe, namba inarushwa hewani, kipokezi kinaipokea, kinatafuta sauti iliyorekodiwa kwa namba ile, kinaitangaza, Kisomali kwanza kisha Kiswahili. Moja ilikuwa ya kukaribisha wageni, moja ya kusema maji yako salama, moja ya kusema hili ni jaribio, na moja ile kubwa: maji yanakuja, hameni. Namba ya mwisho haikuwa na sauti, ilikuwa ya kuzima tu.

Sauti ilikuwa ya Abti Dekow. Huyu ni mjomba wangu, mdogo wake mama yangu, dalali wa mifugo, na ana sauti ambayo akitaja bei ya ngamia upande huu wa mnada, walio upande wa pili wanageuka kuangalia. Nilimrekodi sebuleni kwetu, mapazia tumeshusha, Hooyo, yaani mama, amekatazwa kuosha vyombo, na Abti akasema kwa uchungu wa kweli, "Biyihii way soo socdaan! Maji yanakuja! Acheni fitu, bandeni juu!" (P kwake ni b na v ni f, tangu azaliwe, na sikuthubutu kumrekebisha.) Nilipomaliza kurekodi hata mimi nywele zilinisimama. Na si sauti tu aliyonipa. Wazee wa mtoni walipokataa mlingoti, wakisema mashine za miradi huwa zinakufa baada ya picha kupigwa, ni Abti aliyekwenda kukaa nao, akawaambia huyu ni mtoto wa dada yangu, mashine yake haitawadanganya. Alisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimesimama pembeni na mtandio wangu, najisikia mkubwa.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia, na nitawaeleza kwa matikiti ili msilale. Mmewaona vijana wakipakia matikiti kwenye lori? Mmoja yuko chini anarusha, mmoja yuko juu anadaka, moja baada ya jingine, kwa mwendo mmoja. Ujumbe wa redio unakuja hivyo, pigo baada ya pigo, na kila pigo ni ndiyo au hapana. Anayedaka lazima afungue mikono wakati tikiti liko katikati ya mikono yake, si linapokuja wala linapopita. Kipokezi nacho lazima kilitazame kila pigo katikati yake, kwa sababu kikilitazama pembeni, pale pigo moja linapogeuka kuwa lingine, hakijui kimeona nini. Na kwa kuwa saa ya anayerusha na saa ya anayedaka haziendi sawa kamwe, hata mngezinunua duka moja, kuna sehemu ya kipokezi ambayo kazi yake ni kusikiliza na kurekebisha, kusikiliza na kurekebisha: umewahi kidogo, umechelewa kidogo, sogea. Nilikuwa nimeiandika sehemu hiyo mwenyewe, na ilifanya kazi. Tatizo lake lilikuwa moja tu, ilihitaji muda kidogo wa kujipanga kabla ya kila ujumbe, na muda ule kipokezi kilikuwa kimya.

Siku moja kabla ya uzinduzi, Bwana Mutua, msimamizi wa mradi, mtu mpole kutoka Machakos, alikuja ofisini kuangalia, kipokezi nimekishusha mezani. Nikabonyeza. Kimya. Kimya. Halafu Abti akanguruma.

"Safi," Mutua akasema, "lakini mbona inakaa kwanza? Wageni watafikiri imekufa."

Nikamweleza. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza hotuba ya harusi. "Sawa, wewe ndiye injinia," akasema, akaondoka.

Angeniambia niache hivyo ningeacha, angeniamrisha nibadilishe ningebishana. Lakini aliniambia mimi ndiye injinia, na mimi (sifa ni kitu kibaya) nikaketi nikafikiria wageni wakingoja, mkubwa wa kaunti akikunja uso, Hooyo akinong'ona dua. Nikaizima ile sehemu ya kurekebisha. Nikaacha kipokezi kikamate mwendo pale ujumbe unapoanza tu, kisha kiendelee kuhesabu kwa saa yake chenyewe hadi mwisho, macho kimefumba, kama mdakaji aliyeona tikiti la kwanza akasema mengine nayajua. Nikajaribu pale ofisini, chini ya feni. Nikabonyeza, Abti akanguruma papo hapo. Nikajaribu tena, tena. Nilicheka peke yangu. Niliona nimevumbua kitu.

Asubuhi ya uzinduzi, kabla jua halijapanda, nikakirudisha mlingotini, nikajaribu uwanjani pia, kikasema vizuri. Nikaenda nyumbani kuvaa.

Wageni walialikwa asubuhi, wakaja baada ya swala ya adhuhuri, kama kawaida. Muda wote huo kisanduku changu kilikuwa juu ya chuma, kwenye jua letu hili mnalolijua, na kisanduku chenyewe nilikuwa nimekipaka rangi nyeusi kwa sababu niliona kinapendeza zaidi (nawaambia, kila nilichokigusa wiki ile nilikigusa kwa ajili ya kupendeza). Ndani yake ile saa ya bei rahisi ilikuwa inaiva kama yai, na saa ya namna ile ikiiva inabadilisha mwendo. Mtambo wa kurushia nao ulikuwa mezani kwangu kivulini, ndani ya hema, umepoa, unanisubiri. Mrushaji kivulini, mdakaji juani, na hakuna anayesikiliza mwenzake.

Watu walikuwa wengi. Kina mama wa mtoni waliimba, mchele na mbuzi vilikuwa jikoni nyuma ya hema, chai ya maziwa ya ngamia inapita, wazee wamekaa mstari wa mbele na Abti katikati yao, amefunga kikoi kipya, ndevu amezipaka hina. Mutua akahutubu. Mkubwa wa kaunti akahutubu zaidi. Kisha nikaitwa, "Injinia wetu, binti wa hapa hapa!" na makofi, na vigelegele ambavyo najua vilianzishwa na Hooyo, na mimi nikasimama mbele ya ile meza, nikasema maneno machache juu ya teknolojia, na nikabonyeza namba ya kukaribisha wageni.

Kimya.

Nikatabasamu. Nikabonyeza tena. Juu ya mlingoti taa ndogo nyekundu ikawaka, ikazima. Taa ile maana yake ni kwamba ujumbe umefika lakini hesabu ya mwisho haikukubali, kwa sababu kila ujumbe unabeba mwishoni hesabu ndogo ya kuthibitisha kwamba yaliyotangulia ni sahihi, na isipolingana kipokezi kinautupa na kunyamaza. Kilikuwa kinaniambia kwa adabu kabisa: sijasikia vizuri, siwezi kusema nisilolijua. Mimi nilichokisikia ni minong'ono ya wazee na mkubwa wa kaunti akimuuliza dereva wake kuhusu mafuta ya gari.

"Bole bole, abti," mjomba akaniambia kutoka kwenye kiti chake (sisi mjomba na mpwa tunaitana vivyo hivyo, abti kwa abti). "Usiogobe. Chukua wakati."

Laiti ningechukua wakati ule. Wallahi ningeuchukua, ningesema jamani kuna hitilafu, tule kwanza, nirudi ofisini, leo nisingekuwa nawasimulia. Badala yake nikaomba ngazi. Nikapanda mlingoti nikiwa na dirac, laptopu kwapani, mbele ya wazee waliolazimika wote kwa pamoja kutazama viatu vyao, na Hooyo akavuta mtandio akafunika uso mzima. Huko juu kisanduku kilinichoma vidole. Nikachomeka waya kwenye tundu la nje, nikatafuta kwa haraka, jasho linaingia machoni, na akili yangu, ile iliyosoma Nairobi, ikaniambia: tatizo ni ile hesabu ya mwisho, inakataa kataa ovyo, iondoe, kizungumze tu. Nikaiondoa. Kitu pekee kilichokuwa bado kinanilinda, nikakiondoa kwa mkono wangu. Nikashuka, nikajifuta, nikasema, "Sasa iko tayari, Bismillah," nikabonyeza namba ya kuwakaribisha wageni.

Ujumbe ukaenda. Kipokezi kikaanza kuudaka kwa saa yake iliyoiva, mwanzo sawa, katikati kwa shida, na kabla ya kufika kwenye namba kikapoteza pigo moja, kwa hiyo namba yote ikasogea nafasi moja. Na namba ya "karibuni" ikisogea nafasi moja (nilizipanga mimi mwenyewe, na sikuwahi hata siku moja kuziangalia kwa jicho hilo) inakuwa namba ya mafuriko.

King'ora kwanza. Kisha Abti, mkubwa kuliko uwanja: "Biyihii way soo socdaan! Maji yanakuja! Acheni fitu, bandeni juu!"

Kwa muda kidogo hakuna aliyesogea, na mimi nilikuwa nafikiria bado naweza kusema ni sehemu ya maonyesho. Halafu mama mmoja akapiga ukelele akimwita mwanawe, na uwanja wote ukasimama. Mnajua watu wanavyokimbia kitu ambacho kimeshawakuta? Hawaangalii nyuma. Viti vikaanguka, watoto wakabebwa kwa mkono mmoja, hema likavutwa kamba upande mmoja likalala juu ya mstari wa wageni, na mkubwa wa kaunti akatoka chini yake kwa magoti na viatu mkononi. Wapishi wakaacha masufuria. Huko mashambani wale ambao hawakuja kwenye sherehe nao walisikia (si ndiyo kazi ya kipaza sauti kikubwa?), nikawaona wanatoka migombani, magodoro kichwani, mbuzi mbele, wote wanaelekea barabarani kule kwenye mwinuko.

Nikabonyeza namba ya kuzima. Namba ya kuzima nayo ikasogea nafasi moja, ikawa namba isiyokuwepo, kipokezi kikaipuuza. Na onyo lile nilikuwa nimelipanga lirudie bila kukoma hadi lizimwe, maana niliwaza, mtu aliyelala asikose kusikia. Nikabonyeza, nikabonyeza. "Maji yanakuja!" Na Abti, Abti mwenyewe, alikuwa amesimama katikati ya viti vilivyoanguka, kikoi amekikunja, anapunga fimbo na kupaza ile sauti yake ya mnadani, "Rudini! Hakuna maji! Ni uongo! Rudini!" Watu wakawa wanasikia mtu mmoja huyo huyo juu ya mlingoti akisema kimbieni na chini akisema rudini, na wa juu alikuwa na sauti kubwa zaidi. Wakaendelea kumtii wa juu.

Ngazi ilikuwa chini ya hema. Niliivuta na Mutua. Nikapanda tena. Kisanduku nilikuwa nimekifunga kwa bolti dhidi ya wezi, na spana sikuwa nayo, iko ofisini. Nikashuka, nikakimbia jikoni, nikachukua kisu cha nyama, nikapanda mara ya tatu, na kwa kisu kile chenye mafuta ya mbuzi nikakata waya wa kipaza sauti, Abti akiwa katikati ya neno.

Nikageuka, nimeshikilia chuma kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono mwingine. Chini hakukuwa na mtu isipokuwa mjomba, Mutua na Hooyo, na mbuzi waliokuwa wameingia kwenye mikate. Kule juu barabarani wote walikuwa wamejipanga, wageni na wenyeji, wazee na watoto, hakuna anayeangalia mto. Mto ulikuwa pale pale, umelala, rangi yake ya chai. Walikuwa wananiangalia mimi.

Walirudi kidogo kidogo. Baadhi ya vijana walikuwa wameshaanza kucheka na kuigiza, "Bandeni juu! Bandeni juu!" na kicheko kile, niwaambie ukweli, kilinisaidia, kwa sababu unaweza kujificha ndani yake. Aliyeninyima mahali pa kujificha ni Mama Kaltuma. Huyu ni mjane, analima ndizi na matikiti ukingoni kabisa, na mafuriko yaliyopita yalichukua nyumba yake na kila kilichokuwa ndani. Alirudi na godoro kichwani, jasho linamtoka, akalitua karibu na miguu yangu, akapumua.

"Ile mara nyingine hakuna mtu alituambia," akasema, hata hakuwa na hasira. "Leo nikikimbia nilikuwa nasema, alhamdulillahi, safari hii tumeambiwa. Nilikuwa na furaha, unajua?" Akaniangalia kama anayetaka jibu kweli. "Sasa siku nyingine nitajuaje, mama?"

Nilisema, "Ni jua, Mama Kaltuma. Joto limeharibu mashine."

Abti alikuwa nyuma yangu. Hakunisuta mbele yake. Alisubiri hadi Mama Kaltuma alipokwenda, ndipo akaniuliza polepole, "Abti, jua la Garissa limeanza leo?"

Pale ndipo nilipolia, na dirac langu lina grisi, na Hooyo anajaribu kunifuta uso kwa mtandio wake, ambao ulikuwa unanuka udi. Nikamwambia mjomba yote, jinsi nilivyozima sehemu ya kurekebisha ili wageni wasingoje, jinsi nilivyoondoa hesabu ya uthibitisho ili kiseme chochote. Sidhani alielewa mambo ya mapigo, lakini alielewa neno wageni. Akasema tu, "Basi utawaambia hifyo." Na siku zilizofuata tukazunguka, yeye na mimi, mlango kwa mlango kando ya mto, yeye anabisha hodi, mimi naongea. Niliwaambia haikuwa jua, ilikuwa mimi. Wengine walinipa chai. Wengine waliniacha nisimame.

Mutua hakunifukuza. Alisema nirekebishe nilichoharibu, niandike kilichotokea bila kupamba. Nikarudisha ile sehemu ya kusikiliza na kurekebisha, nikarudisha uthibitisho, nikapanga namba upya zisifanane hata zikisogea, kisanduku nikakipaka nyeupe na kukiwekea kivuli cha bati, nikakijaribu mchana wa jua kali bila mgeni yeyote. Na sauti ya Abti nikaiondoa. Huko mnadani walikuwa wamempa jina, akitaja bei wanamjibu "Maji yanakuja!" na wanacheka, naye anacheka nao, lakini nilimwona siku moja akitaja bei ya dume zuri kwa sauti ya chini, ya mtu wa kawaida, na nilishindwa kukaa pale. Nikarekodi mimi mwenyewe. Nilitaka kama ni uongo ujulikane ni wa nani.

Natamani ningesema mambo yaliishia hapo. Mvua zilipokuja, zikanyesha milimani, huku kwetu vumbi na anga nyeupe kama kawaida yake. Ofisini wakapata taarifa asubuhi, wakarusha ujumbe, na kipokezi kikakaa kimya kidogo kikijipanga, kisha kikasema vizuri, neno kwa neno, kwa sauti yangu: maji yanakuja, hameni. Nilikuwa nimesimama chini ya mlingoti. Nikangoja watu watoke. Mzee mmoja alikuwa anamwagilia mchicha, akainua kichwa, akanitazama, akaendelea kumwagilia.

Nilimpigia Abti simu, akaacha mnada akaja, tukaanza tena mlango kwa mlango, safari hii tunakimbia. Mama Kaltuma alikuwa amesimama mlangoni.

"Leo ni kweli," akaniuliza, "au ni ile ingine?"

"Ni kweli, Mama Kaltuma. Wallahi ni kweli."

Akaangalia anga. Akaangalia mto, ambao ulikuwa bado chini kabisa, mtu angevuka akiwa amepandisha nguo tu. Akaniangalia mimi. Kisha akaingia ndani, akatoka na godoro. Majirani walipomwona yeye, nao wakaanza kufunga mizigo. Hawakuhama kwa sababu ya mashine yangu wala kwa sababu yangu, niwe mkweli, walihama kwa sababu ya mgongo wa Mama Kaltuma ukipanda mwinuko.

Maji yakafika alasiri. Watu wote walitoka salama, namshukuru Mungu. Lakini Mzee Bare, ambaye zizi lake lilikuwa chini kabisa kwenye kona ya mto, alikuwa amesema yule msichana ameanza tena, akaenda kulala kidogo, na alipoamshwa aliokoa nafsi yake na mkewe tu. Mbuzi wake wote walikwenda na maji.

Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, kando ya matope yaliyokuwa zizi, anavuta tasbihi. Nikatoa salamu, akaitikia. Nikaanza kusema kwamba ujumbe ulirushwa asubuhi, kwamba labda upepo ulikuwa unapeperusha sauti upande mwingine, nilikuwa natafuta tu mlango wa kutokea.

"Nilisikia," akanikatiza. "Sauti yako nilisikia fizuri sana."

Akarudi kwenye tasbihi yake.

Kwa hiyo nimeapa, na mniapishe ninyi pia mkitaka. Sitazima tena kitu kinachorekebisha makosa kwa sababu kinanichelewesha mbele ya watu, na sitalazimisha tena mashine iseme kitu ambacho haijakisikia sawasawa. Acha inyamaze. Acha mkubwa wa kaunti akunje uso, acha nionekane sijui kazi. Aibu ya kunyamaza mbele ya wageni huisha wageni wakipanda magari yao. Hii ya Mzee Bare haijaisha, na sioni itaisha lini.